Kizimba cha nje au sebuleni? Sungura wawili wa tumbo moja, Nakuru na Kisumu

Walizaliwa siku moja, kwenye boksi moja la mbao, kwa mzee wa Bahati anayefuga sungura wa nyama. Mimi nilichagua mweupe, nikamwita Pamba. Dada yangu akachagua wa rangi ya udongo, akamwita Kahawa. Wote majike. Mzee alihesabu pesa zake, akatutazama, akauliza, "Wawili tu? Mtawachinja lini?" Tulipomwambia hatuchinji, alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Simlaumu. Huku kwetu sungura amekuwa mradi wa vijana wa shule tangu zamani: unamlisha majani ya shambani, anazaa, unauza, unanunua kalamu. Kumfuga kama paka ni jambo jipya, na wengi wanaolianza wanaanza na swali lile lile: akae nje kwenye kizimba, au akae na sisi ndani?

Pamba amekaa nje, nyuma ya jikoni, Kiamunyi hapa Nakuru. Kahawa alisafiri kwenye katoni lenye matundu hadi Kisumu, akapewa sebule ya dada, ghorofa ya pili, mtaa wa Migosi. Sasa wana karibu miaka 3. Mwanzoni mtu akiniuliza nilijibu haraka haraka: nje, sungura ni mnyama wa hewa safi. Siku hizi namuuliza kwanza anaishi mji gani, na ni nani anayepita mbele ya huyo sungura asubuhi na jioni. Nimejifunza hivyo kwa gharama, na sehemu ya gharama hiyo ilikuwa ya Pamba mwenyewe.

Joto, na hapa miji inatofautiana kabisa

Sungura hatoki jasho. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40, analipunguza kwa masikio: mishipa ya damu ya masikio inapanuka, hewa inapita, damu inapoa. Ndiyo maana masikio ni makubwa vile. Hali ya hewa ikiwa nyuzi 15 hadi 20 yeye ni mfalme. Ikipita 27 au 28 anaanza kutaabika, na zaidi ya hapo, pasipo kivuli wala upepo, anaweza kufa mchana mmoja.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mchana hupanda hadi 25 au 26, usiku wa Julai hushuka mpaka 10 na pengine chini ya hapo. Watu huniambia, "Maskini, atakufa kwa baridi." Hafi. Ana koti la manyoya ambalo wewe huna. Kinachomdhuru ni upepo unaopenya na manyoya yaliyolowa. Kizimba cha Pamba kimepewa mgongo ukutani, upande unaotoka upepo umezibwa na mbao nzima, na ndani kuna kisanduku kilichojaa nyasi kavu. Usiku wa baridi anaingia humo, anachimba shimo katikati ya nyasi, anabaki pua tu.

Kisumu ni hadithi nyingine. Mji uko mita 1,130 hivi, na Januari hadi Machi alasiri za nyuzi 30 na zaidi ni za kawaida. Weka kizimba chenye paa la mabati kwenye ua wa Kisumu, usitie kitu chochote juu yake, halafu kaingize mkono wako humo saa nane mchana. Utaelewa. Anayelazimika kufuga nje kule aweke makuti au nyasi nene juu ya mabati, kizimba kiwe chini ya mti wenye kivuli cha siku nzima (siyo cha asubuhi pekee, jua huzunguka), na maji yabadilishwe mara mbili kwa siku.

Hata ndani ya nyumba joto humfuata. Februari ya kwanza ya Kahawa, dada alinipigia simu sauti ikitetemeka. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi, feni imelala, madirisha upande wa jua. Kahawa alikuwa amejinyoosha sakafuni kama kitambaa, pua zikipanuka haraka haraka, masikio yamewaka mekundu na ukiyagusa ni kama kikombe cha chai. Nilimwambia asimtumbukize kwenye maji baridi, mshtuko unaweza kumuua. Alilowesha kitambaa kwa maji ya kawaida, akampangusa masikio nje na ndani kidogo, akamhamishia bafuni kwenye vigae, akampepea kwa gazeti. Baada ya nusu saa Kahawa aliinua kichwa akanywa maji. Tangu siku hiyo friza ya dada haikosi chupa tatu za soda za nusu lita zilizojaa barafu. Anaivisha chupa soksi kuukuu, anailaza sakafuni, na Kahawa anajilaza ubavu wake kama mke na mume.

Kwa hiyo kwenye suala la joto, Nakuru nje ni sawa, Kisumu ndani ni salama zaidi. Ukiwa Kakamega au Bungoma uko katikati, na kivuli ndicho kitakachoamua.

Maadui

Nilipojenga kizimba nilimfikiria mbwa. Nikanunua waya wa kuku, ule mwepesi wa matundu ya pembe sita, nikajiona fundi. Jirani mmoja aliniambia ule ni wa kumzuia kuku asitoke, haumzuii mbwa asiingie. Mbwa mwenye njaa anaurarua kwa meno. Nikabadilisha, nikaweka waya mzito uliochomelewa. Nikaweka na kufuli, maana adui mwingine ana miguu miwili na ana sufuria.

Siafu sikuwafikiria.

Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha siku nne mfululizo. Saa nane usiku nikasikia kishindo nje ya dirisha. Du. Kimya. Du, du. Sungura akiogopa hupiga chini kwa mguu wa nyuma, na kwenye sakafu ya mbao mlio wake ni kama mtu anayebisha hodi. Nilitoka na tochi ya simu. Mstari mweusi ulikuwa umetoka kwenye ua wa michongoma, umevuka simenti, unapanda mguu wa kizimba, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe. Wa mbele walikuwa wameshafika mlangoni. Nilimtoa Pamba nikimkumbatia kifuani, nikaparurwa kwa kucha mara mbili tumboni, nikaumwa shingoni na siafu watatu ambao sijui walifikaje huko. Alilala jikoni usiku huo chini ya meza. Asubuhi nilitafuta makopo manne ya maziwa ya unga, nikayatia oili chafu ya gari kutoka kwa makanika, nikasimamisha kila mguu wa kizimba ndani ya kopo. Hawajarudi. Oili huoshwa na mvua, lazima uongeze, na kopo liwekwe mahali ambapo mtoto au kuku hawezi kulifikia. Lakini fikiria kama chumba changu cha kulala kingekuwa upande wa pili wa nyumba.

Ndani, adui ni nyumba yenyewe. Kahawa amekata waya wa chaja ya shemeji, waya wa redio, na waya wa intaneti mara mbili. Mara ya pili ilikuwa dakika tano kabla ya mechi. "Huyu mnyama wako ana chuki binafsi na mimi," shemeji alisema. Hana. Meno ya mbele ya sungura hukua maisha yake yote, karibu milimita 2 kwa wiki, na waya kwa macho yake ni mzizi uliomfungia njia. Hatari siyo chaja, ni stima. Dada alinunua paipu nyembamba za plastiki za kupitishia nyaya, akazipasua kwa kisu kwa urefu, akazifunika nyaya zote za chini. Extension ya televisheni iliinuliwa ikapigiliwa ukutani. Na kama mnapikia jiko la makaa ndani, sungura asikae humo: moshi ule unamkaba kabla yenu.

Ghorofani kuna pia roshani. Sungura hajui urefu. Nafasi kati ya vyuma vya roshani izibwe mpaka juu ya kiuno cha mtu mzima, maana anaruka kuliko unavyodhani.

Nafasi na sakafu

Vizimba vingi vinavyouzwa kando ya barabara vimepimwa kwa ajili ya sungura wa nyama: futi mbili na nusu kwa mbili, sakafu ya waya ili mavi yadondoke. Mfugaji hana kosa, mnyama wake anakaa humo miezi michache tu. Wako atakaa miaka 8, 10, pengine zaidi. Rabbit Welfare Association & Fund, shirika la Uingereza la ustawi wa sungura, linapendekeza kwa sungura wawili eneo la mita 3 kwa 2, kimo mita 1, na wawe huru humo wakati wote. Nilipomwonyesha fundi wangu vipimo hivyo aliniuliza kama nataka kizimba au bedsita. Tulikubaliana kizimba cha mita 2 kwa 1, kisha nikazungushia uwanja wa nyasi wa mita 3 mbele yake, ambao Pamba hufunguliwa asubuhi na jioni. Anatoka akisimama kwanza mlangoni, anapima hewa, halafu ghafla anaruka juu akijipinda katikati kama samaki aliyetolewa majini. Hiyo ni furaha. Kama hujawahi kuiona, sungura wako hana nafasi.

Uwanja wa chini una lake. Anachimba. Nilifukia waya futi moja chini pande zote, la sivyo angeshafika Njoro. Pia ardhi yenye majimaji na mavi ya zamani hubeba koksidiosi, ugonjwa wa kuharisha unaoua watoto wa sungura upesi, kwa hiyo uwanja nauhamisha kila baada ya majuma machache.

Sakafu ya waya mtupu inachubua visigino. Sungura hana nyama ya wayo kama paka, ana manyoya tu, na uzito wa kilo 4 ukikaa kwenye waya mwaka mzima unafanya vidonda visivyopona. Nusu ya kizimba cha Pamba ni vipande vya mbao vilivyoachana upana wa kidole kidogo, nusu ni mbao nzima yenye nyasi. Ndani ya nyumba tatizo ni kinyume chake: vigae vinateleza. Kahawa mwezi wa kwanza alikuwa akikaa juu ya kiraka cha zulia kama mtu aliyezungukwa na maji. Dada alimtandikia mkeka wa mafunjo, ile inayouzwa hapo mjini kutoka ziwani, usio na rangi. Kahawa aliupenda, akatembea juu yake, kisha akaula. Huwa anamnunulia mwingine kila miezi mitatu. Ni rahisi kuliko zulia, na hauna sumu.

Choo

Hapa ndipo watu hushangaa: sungura wa ndani ni msafi. Huchagua pembe moja na kurudi hapo hapo. Weka beseni pana kwenye pembe aliyochagua yeye, siyo unayoitaka wewe, tandika magazeti chini, nyasi kavu juu, na upande mmoja rundo la nyasi za kula, kwa sababu hupenda kula huku akijisaidia. Maranda ya mbao zenye harufu kali epuka, huwasha mapafu. Kahawa alijifunza kwa juma moja. Halafu akafikisha miezi 5, akabalehe, akaanza kukojoa kwenye kitanda cha dada kama anayeandika hati ya shamba. Alipoacha ni baada ya kutolewa kizazi.

Na hilo nalisemea majike wote, wa nje na wa ndani. Jike asiyetolewa kizazi, akizidi miaka 4 hivi, saratani ya mfuko wa uzazi ni jambo la kawaida mno. Kwa waliochanganya dume na jike: mimba ni siku 31, na jike anaweza kupandwa siku ile ile aliyozaa. Hesabu mwenyewe. Kabla ya upasuaji muulize daktari wa mifugo ameshafanya sungura wangapi. Wengi ni hodari kwa ng'ombe na mbwa, siyo kosa lao. Swali la pili: alale njaa? Akijibu ndiyo, mshukuru, tafuta mwingine. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlaza njaa, na tumbo lake likikaa tupu ndipo hatari inapoanza.

Nje, usafi ni ufagio na jembe dogo. Mkojo wa Pamba unapita kwenye bati lililolazwa chini ya kizimba, unaingia kwenye mtungi, na jirani yangu hunyunyizia sukuma wake baada ya kuuchanganya na maji mengi. Ananilipa kwa sukuma. Ndani, ukiacha beseni siku mbili katika joto la Kisumu, macho yatakuwasha. Kila asubuhi, bila sikukuu.

Chakula: ni kile kile, ila kukipata si sawa

Zaidi ya robo tatu ya anachokula iwe nyasi, kavu au mbichi, na zisikosekane usiku wala mchana. Nyasi ndizo zinazosaga magego, nayo hukua bila kukoma kama meno ya mbele. Nyasi ndizo zinazosukuma tumbo. Peleti ni kitoweo: kiganja kimoja kwa siku kwa sungura mzima wa kilo 4 kinatosha, na si zile zilizochanganywa na mahindi. Karoti, samahani kwa picha za vitabuni, ni peremende. Kipande cha kidole kimoja.

Hapa Nakuru niko peponi. Kila upande kuna mtu wa ng'ombe wa maziwa, na robota la nyasi kavu za Boma Rhodes la kilo 12 hadi 15 mara ya mwisho nilinunua shilingi 300. Pamba analila zaidi ya mwezi. Harufu yake iwe tamu, rangi iwe na kijani, ukitikisa isitoke vumbi la ukungu. Lusani (alfalfa) ni ya wadogo wa chini ya miezi 6. Kwa mzima kalsiamu yake ni nyingi, mkojo unakuwa mzito kama uji.

Dada alihangaika. Wauza majani wa sokoni Kibuye wana ododo (mchicha), kunde na matembele tele, lakini nyasi kavu mtaani kwake hakuna. Sasa kila mwezi napeleka gunia stejini, linapanda gari la Kisumu kama mgeni, na kila mwezi kondakta ananiuliza ni la mbuzi wa aina gani. Anayeishi ghorofani asichukue sungura kabla hajajua nyasi zitatoka wapi. Nalisisitiza hili kuliko kizimba.

Majani ya kushika kichwani: kishonanguo wanakipenda, nacho kinaota bure kila shamba. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, ndiyo. Majani ya viazi mbatata na ya nyanya, hapana, yana sumu. Majani ya mparachichi hapana kabisa. Kabichi na sukuma kidogo, vikizidi tumbo linajaa hewa ambayo hawezi kuitoa. Nyasi zilizokatwa na mashine na kurundikwa zinachacha, ziache. Mboga za sokoni zioshwe kwa sababu ya dawa. Na wageni waambiwe kwa upole kwamba ugali, mkate na chapati ni vya watu.

Kuugua, na nani ataona

Sungura ni windo. Porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo huficha maumivu mpaka siku ya mwisho. Yule mjanja wa hadithi, anayemzidi akili Fisi, ambaye Waluo humwita Apwoyo, ukweli ujanja wake mkubwa ni huu: anakuficha wewe maumivu yake.

Mwaka jana nilienda Nairobi siku mbili. Nilimwachia kijana wa jirani kazi, na kwa haki aliifanya: aliweka peleti, akajaza maji, akafunga kufuli. Niliporudi sahani ilikuwa na peleti za siku mbili, moja juu ya nyingine. Chini ya kizimba mavi yalikuwa machache, madogo kama pilipili manga, badala ya yale makubwa ya mviringo kama njegere. Pamba alikuwa amekaa kwenye kona amejikunja, macho nusu, anasaga meno kwa sauti. Tumbo lilikuwa limesimama. Sungura asiyekula kwa muda wa saa 12 ni dharura, siyo wa kusubiri kesho. Daktari alimpa maji chini ya ngozi, dawa ya maumivu na ya kuamsha tumbo, nikakaa naye usiku nikimlisha kwa bomba la sindano uji wa peleti zilizolowekwa, matone matone. Saa kumi alfajiri alidondosha kimoja. Nilipiga picha, nikamtumia dada. Alijibu kwa mioyo minne.

Kahawa alipatwa na jambo hilo hilo miezi kadhaa kabla. Dada alikuwa anakunywa chai ya asubuhi. Alipofungua mfuko wa majani, Kahawa hakuja. Basi. Hakuja, naye kila siku huja mbio. Saa mbili baadaye walikuwa kwa daktari, na mchana alishakula. Ugonjwa mmoja, tofauti ni nani alikuwa chumbani.

Magonjwa mengine yanagawanyika. Nje, upele wa masikio: ganda la hudhurungi ndani ya sikio kama mkate ulioungua, anatikisa kichwa kila wakati. Usilibandue, linauma, daktari atamchoma ivamektini na litaanguka lenyewe. Nje pia nzi, hasa kwenye joto: wakikuta manyoya ya nyuma yamelowa mkojo hutaga, na mabuu huingia kwenye ngozi ndani ya siku moja. Kila siku mgeuze umtazame nyuma. Ndani ni unene, na kucha ndefu kwa kukosa udongo wa kuzisugua.

Na dawa za dukani! Nilipokuwa na shida ya upele, muuzaji wa agroveti moja alinipa dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili, akasema "mnyama ni mnyama." Kwa sungura hiyo ni sumu. Na antibayotiki za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua vijidudu vyema vya tumbo, na sungura hufuata. Usinunue chochote kabla ya kumsikia daktari.

Pesa

Kizimba na uwanja vilinigharimu shilingi 11,000 na ufundi, mara moja. Dada alitumia chini ya 2,000 kuanza: beseni, paipu, mkeka. Halafu jumlisha chaja, waya za intaneti, mguu wa kochi na usafiri wa nyasi. Tuko sawa.

Basi achague nini mtu?

Kama uko Nakuru, una ua wako au mwenye ploti anakubali, na mlango wa jikoni unafunguka kuelekea kizimbani, mfuge nje na usijione mkatili. Ila kizimba kikae mahali unapopita kwa lazima, siyo nyuma ya tangi la maji. Kama unasafiri sana, au unaondoka saa kumi na moja na kurudi saa tatu usiku, nje patamfanya Pamba wako awe mfungwa anayeletewa chakula.

Kama uko Kisumu, au popote mchana unapokuchosha wewe mwenyewe, mlete ndani. Umeme ufichwe kwanza, sungura aje baadaye.

Watoto wadogo: ndani, lakini wakae chini kwenye mkeka, sungura awajie. Asishikwe kwa masikio. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe makalio, umlaze kwenye mwili wako. Akiachwa miguu ikining'inia anapiga teke, na teke lake lina nguvu ya kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe.

Mimi binafsi sasa niko nusu kwa nusu. Mchana Pamba yuko nje, saa kumi na mbili jioni namfungulia mlango wa jikoni, anaingia, anazunguka miguu yangu nikipika, na saa nne anarudi kwenye kisanduku chake. Nimegundua anapenda harufu ya dania na anachukia mlio wa mfuko wa plastiki. Miaka miwili nilikuwa namlisha na sikulijua hilo.

Lakini kuna jambo ambalo nje wala ndani hapalitatui: sungura mmoja ni mpweke. Dada anahamia Nakuru Desemba, kazi imehamishwa, na Kahawa anakuja naye. Watasafiri kwa gari la alfajiri kupitia Kericho kabla jua halijapanda, katoni limetandikwa nyasi na kipande cha tango kwa ajili ya maji. Waliachana wakiwa na wiki 8, hawatakumbukana. Ukiwatia wote kwenye kizimba cha Pamba watararuana, kwa kuwa pale ni kwake. Lazima wakutane mahali ambapo si kwa yeyote, dakika 15 za kwanza, beseni mbili, nyasi rundo moja kubwa katikati, na mimi nimevaa glavu za bustanini. Nimeshachagua bafu la wageni. Nimelisugua kwa siki mara mbili lisinuke mtu.